Nyumba Iliyobaki na Wapangaji Wawili: Pullman Baada ya Ligi Kuvunjika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Kent, jimbo la Washington, Aprili 2026)

Wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo. Asanteni kwa chai, na kwa mandazi asanteni zaidi, maana mtu anayeitwa kuongea habari za mpira Jumamosi saa nne asubuhi anastahili japo kitafunwa.

Pale mlangoni mama mmoja alinishika mkono kabla sijavua koti. Binti yake amepata nafasi Washington State, kule Pullman, atasomea uhandisi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Baba, hiyo si ndiyo shule iliyofukuzwa kwenye ligi? Haitafungwa kweli?" Nikamwambia, mama, kaa mbele. Jibu refu linakuja, ila la haraka nakupa sasa ili chai ishuke vizuri. Chuo kimekuwepo tangu 1890 na hakifungwi. Kilichotikisika ni idara ya michezo. Wala hakuna aliyeifukuza. Wenzake kumi wa ligi ya Pac-12 waliondoka mmoja baada ya mwingine, nyumba ikabaki na wapangaji wawili: Pullman na Oregon State.

Na hilo kopo mnaloliangalia hapo mezani si maziwa ya unga. Tutalifikia.

Mimi nilikwenda Pullman kusomea udongo. Sikucheza chochote; kwa umbo hili hata meza ya bao naikaribia kwa tahadhari. Lakini nilipata kibarua cha kufagia majukwaa ya uwanja Jumapili asubuhi, baada ya mechi ya Jumamosi. Maganda ya mbegu za alizeti yakichanganyika na soda hukauka juu ya zege, na ufagio hauyatoi. Unapiga magoti, unakwangua. Na ukikwangua muda mrefu unajifunza kusoma mechi usiyoiona: timu ikiwa imefungwa, bisi zinabaki nusu ndoo, maana watu wametoka mapema; ikiwa imeshinda, unakuta soksi, kofia, siku moja nilikuta kiatu kimoja cha mtoto. Nilifika pale sijui sheria hata moja ya futiboli. Nilitoka pale nimekuwa mtu wa kupiga kelele mbele ya televisheni.

Nikisema futiboli leo, namaanisha ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Na nikisema ligi, namaanisha kile wenyewe wanachokiita konfarensi.

Hapa ndipo wengi wetu tuliokulia kwenye kandanda tunapotea njia. Kwetu ligi ni ngazi. Ukifungwa sana unashuka daraja, ukishinda unapanda, na anayelia anajua analilia nini. Huku hakuna ngazi. Vyuo vinajipanga makundi, kila kundi linauza kwa pamoja haki za kutangaza mechi zake, fedha inagawanywa. Chuo kikipata kundi lenye mkataba mnono zaidi kinaaga, kinahama. Ulishinda mechi ngapi, hakuna anayekuuliza.

Ndiyo maana Septemba 23, 2023 lilitokea jambo ambalo sijaliona katika mchezo mwingine wowote. Washington State na Oregon State zilikutana Pullman, zote mbili hazijapoteza mechi msimu ule, zote mbili ziko kwenye orodha ya timu 25 bora za nchi. Pullman ikashinda 38 kwa 35. Wiki saba tu kabla ya hapo soko lilikuwa limeziambia timu hizo hizo kwamba hazina thamani. Uwanja ulijaa, watu wanaimba, na kati ya nyimbo unasikia kama msiba.

Wiki saba kabla, tuseme ukweli wake. Ijumaa, Agosti 4, 2023. Ligi ya Pac-12 ilikuwa imebaki na vyuo tisa vilivyotarajiwa kuweka saini mkataba mpya wa televisheni asubuhi ile. USC na UCLA za Los Angeles zilikuwa zimeshatangaza tangu Juni 30, 2022 kwamba zinahamia ligi nyingine, Big Ten. Colorado ilikuwa imeaga wiki moja nyuma. Ile asubuhi, badala ya saini, Washington (chuo cha Seattle, si cha Pullman) na Oregon zikaondoka kwenda Big Ten, na kabla jua halijazama Arizona, Arizona State na Utah zikaenda ligi ya Big 12. Septemba Mosi, Stanford na California zikajiunga na ligi ya Atlantic Coast. Rudieni jina hilo taratibu: vyuo vilivyo karibu na ghuba ya San Francisco, kwenye Pasifiki, vimo kwenye ligi ya pwani ya Atlantiki. Na Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ina vyuo 18. Hesabu za Wamarekani msinipe mimi nizitetee.

Ligi iliyokufa siku ile ilizaliwa Desemba 1915, hotelini, Portland. Oregon State ilikuwa mmoja wa waasisi wanne. Pullman iliingia 1917, na ilikuwa imeshaonyesha kazi: Januari Mosi, 1916 iliwafunga Brown 14 kwa 0 kule Pasadena, kwenye mechi tunayoiita leo Rose Bowl.

Sasa nawaletea kipande ambacho hata wenyeji wengi hawakisimulii. Haya yaliwahi kutokea. Mwaka 1959 ligi ile ya kwanza ilivunjika kwa aibu ya fedha za chini ya meza, wachezaji wakilipwa kwa siri. Vyuo vitano vikubwa, vinne vya California na Washington ya Seattle, vikaunda ligi yao upya. Nani aliachwa nje? Pullman aliachwa. Corvallis, yaani Oregon State, aliachwa. Na Oregon, hii Oregon ya jezi mia na viatu vya Nike, nayo iliachwa. Pullman ilikaa nje mpaka 1962 ndipo ikakaribishwa. Oregon na Oregon State zilingoja hadi 1964. Kwa hiyo Oregon ilijua baridi ya nje ikoje, iliilala miaka mitano, na 2023 mlango ulipofunguliwa ilitoka bila kugeuka nyuma. Simlaumu mtu kwa kutafuta ugali wake. Nasema tu kwamba nilipokuwa nikisikiliza hotuba zao za kuaga, sikusikia mtu akiutaja mwaka 1959.

Watu wa Pullman wakipenda kujifariji husema: basi tutarudishwa tena, kama 1962. Mimi faraja hiyo siinunui. Mwaka 1962 walirudishwa kwa sababu vyuo vilihitaji wapinzani wa karibu, mtu wa kumfikia kwa treni. Siku hizi mwanafunzi wa UCLA anapanda ndege kwenda kucheza New Jersey katikati ya muhula, na waliomtuma wanaona ni sawa. Ujirani si fedha tena.

Ilianza wapi? Wengine wataanza na rais wa chuo fulani au kamishna fulani. Mimi naanza 1984, Mahakama Kuu ya Marekani. Kabla ya mwaka ule chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichokuwa kikipanga ni mechi ngapi zionyeshwe na timu ipi ionekane mara ngapi. Oklahoma na Georgia wakashtaki, wakashinda kwa majaji saba dhidi ya wawili: kila mtu auze mechi zake. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika chuo cha Colorado. Jaji pekee kwenye benchi lile aliyewahi kuangushwa chini uwanjani na kuinuka ana udongo mdomoni ndiye aliyeandika kwamba jambo hili si biashara ya kawaida. Miaka 39 baadaye, kiangazi kile cha 2023, wa kwanza kuaga walikuwa Colorado.

Baada ya 1984 swali lilibadilika. Likawa: ukiwasha televisheni, nyumba ngapi zinakutazama? Na hapo, ndugu zangu, tupande gari.

Ukitoka hapa Kent kwenda Pullman ni saa tano hivi. Unavuka milima, unavuka mto Columbia pale Vantage, unashika barabara namba 26, na ukishaipita Washtucna hakuna kitu ila vilima vya ngano vinavyopandana kama mablanketi yaliyotupwa kitandani. Juni ni kijani mpaka macho yanauma, Agosti ni dhahabu, Januari ni theluji na upepo. Mwishoni mwa vilima kuna mji wenye watu thelathini elfu na kidogo, na katikati yake uwanja wenye viti karibu 33,000. Mji mzima unaweza kuketi uwanjani, na duka likabaki bila muuzaji. Mimi naliona hilo kuwa ajabu nzuri. Mtu wa televisheni aliyeko New York analiona kuwa ni mahali pasipo na watazamaji.

Na Pullman wenyewe walisaidia kujichimbia. Hili nalisema hapa kwa kuwa sisi ni wa nyumbani. Mwaka 2011 Pac-12 ilipata mkataba wa dola bilioni 3 kwa miaka 12, na hapakuwa na ligi iliyokuwa na mkubwa kuliko huo wakati ule. Mwaka uliofuata ligi ikaanzisha televisheni yake yenyewe, ikawaahidi vyuo mvua ya fedha. Pullman ikasikia ngurumo, ikamwaga maji ya mtungi. Mwaka 2012 likafunguliwa jengo la viti vya kifahari upande wa kusini wa uwanja, 2014 likafunguliwa jengo la timu, na kwa pamoja yaligharimu zaidi ya dola milioni 100. Ile televisheni haikupata kuingia DirecTV hata siku moja, kwa hiyo nyumba mamilioni hazikuiona. Mvua ikawa manyunyu. Deni halikuwa manyunyu.

Ilipofika 2022, kamishna wa ligi alikuwa na kazi ya kuuza ng'ombe aliyekatwa miguu ya mbele, maana Los Angeles imeshaondoka. Big Ten ikasaini na Fox, CBS na NBC, zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Big 12 ikaruka foleni Oktoba mwaka huo huo, ikasaini na ESPN na Fox kabla ya wakati wake. Chakula kikaisha mezani. Kilichobaki kwa Pac-12 kilikuwa ofa ya Apple: kiasi kidogo cha kuanzia, halafu kingine kitegemee watu wangapi watajiandikisha kulipia. Yaani kocha wako awe na kazi ya kushinda na kazi ya kuuza vocha. Washington na Oregon walipima, wakaona afadhali nusu mgao Big Ten, kama dola milioni 30 kwa mwaka zikipanda milioni moja moja, kuliko mgao mzima wa ahadi. Nawaona humu wazazi wenye watoto Huskies, yaani Washington ya Seattle, mnainamisha vichwa. Inueni tu, chai ni ya wote.

Mwaka 2021 tuliwaona mashabiki wa Uingereza wakijaa barabarani, na ile Super League ya vilabu 12 ikafa ndani ya siku tatu. Huku hakuna aliyefunga barabara. Shabiki wa Pullman alikasirika, aliyeshinda alisherehekea, na aliyekuwa na uwezo wa kuzuia alikuwa akisoma mkataba.

Waliobaki wawili hawakulia muda mrefu, walikwenda mahakamani. Na si San Francisco au Seattle. Walikwenda Colfax, mji mdogo wa ngano kilomita kama ishirini na nne kaskazini mwa Pullman, mahakama ya kaunti ya Whitman, Septemba 2023. Mawakili wa koti la bei kubwa ilibidi waulize njia.

Hoja ilikuwa nyepesi na kali. Katiba ya ligi ilisema chuo kikitoa taarifa ya kuondoka kabla ya muda fulani, kinapoteza kiti kwenye bodi. USC na UCLA zilipotangaza kuhama, ligi yenyewe ilizitoa kwenye vikao kwa kifungu hicho hicho, na wale waliokuja kuondoka baadaye walikuwemo, wakaafiki. Sasa wao nao wametangaza kuondoka, wanataka wabaki kwenye bodi wapige kura ya kugawana mali! Jaji Gary Libey alitoa zuio la muda, na Novemba 14 akasema bodi ni ya wawili. Mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuingilia, Desemba 15. Baada ya hapo waliohama wakakubali kuketi na kupatana, wakaacha nyuma sehemu ya mgao wao. Kisu walichokinoa ndicho kikawakata. Siku ile nilimpigia simu rafiki niliyefagia naye majukwaa; hatukusema kitu cha maana, tulicheka tu mpaka mke wake akachukua simu kuuliza kuna nini.

Msimu wa 2024, timu mbili haziwezi kuwa ligi. NCAA inataka angalau vyuo vinane, na inatoa muhula wa miaka miwili. Pullman na Corvallis zikaiomba Mountain West, ligi ya jirani yenye fedha ndogo, iwape mechi sita kila mmoja. Zikalipa dola milioni 14. Mountain West ikakubali, ikafungua mlango kwa wageni.

Na hapa, jamani, sitawapamba watu wangu. Septemba 12, 2024, wakati msimu wa ugeni huo ndiyo kwanza unaanza, wageni wakatangaza kwamba wanachukua Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State. Kabla mwezi haujaisha wakaongeza Utah State. Mgeni uliyempa ukumbi alale ameondoka na watoto watano wa nyumba. Mountain West ilikuwa imeweka faini kwenye mkataba kwa kuogopa jambo hilo hilo, na wale wale wawili waliotoka mahakamani kama wanyonge wakarudi mahakamani kupinga faini. Waulizeni watu wa Laramie, kule Wyoming, ambao chuo chao kimebaki Mountain West, wanawaonaje hawa walioachwa. Mimi nimejaribu kutafuta njia ya kulisema hili liwe zuri, sijaipata. Naelewa kwa nini walifanya. Ningefanya vilevile, na nisingelala vizuri.

Basi Julai Mosi, 2026 Pac-12 inafufuka: Pullman, Corvallis, wale watano, na Texas State iliyojiunga katikati ya 2025. Nane za futiboli. Gonzaga ya Spokane inaingia kwa michezo yake yote, mpira wa kikapu ukiwemo, ila haina futiboli. Jina limebaki na 12. Nilishawaambia kuhusu hesabu. Memphis na Tulane zilialikwa pia, zikapima safari na fedha, zikabaki zilipo. Televisheni ni CBS, The CW na USA Network.

Mtaniuliza: timu ya Pullman ina maisha gani mbele? Nawapa maoni yangu, mnaruhusiwa kunicheka mwaka 2031.

Njia ya juu haikufungwa. Mchujo wa kitaifa sasa ni wa timu 12. Mabingwa wa ligi nne kubwa wana viti vyao, na kiti kimoja kimewekwa kwa bingwa bora wa ligi zote zilizobaki. Boise State ilikipata kiti cha namna hiyo msimu wa 2024 ikitokea Mountain West. Kwa hiyo ukiwa bingwa wa Pac-12 mpya unaweza kuingia, jambo ambalo Pullman ya zamani, ikiwa ya saba au ya nane nyuma ya USC na Oregon, isingeliota. Mtu wa kijijini akihamishiwa kijiji kidogo zaidi anaweza kuwa mwenyekiti. Hiyo ni nafuu, wala siidharau.

Kinachonitisha ni mlango wa nyuma. Siku hizi mchezaji wa chuo anahama anapotaka, na analipwa. Cam Ward aliichezea Pullman misimu miwili, akaenda Miami, na 2025, ligi ya kulipwa ilipochagua wachezaji wapya wa mwaka huo, yeye akawa wa kwanza kuchaguliwa, akachukuliwa na Tennessee Titans. John Mateer akamrithi, akang'ara msimu mmoja, akaenda Oklahoma. Kocha Jake Dickert, aliyepaza sauti kuliko wote 2023 kwamba fedha za televisheni zinaua mchezo huu, akaenda Wake Forest Desemba 2024. Akaletwa Jimmy Rogers kutoka South Dakota State, akashinda kiasi, na baada ya msimu mmoja akaenda Iowa State. Msimu wa 2026 unaanza na kocha mkuu wa tatu ndani ya misimu mitatu. Pullman imekuwa kitalu. Miche inaoteshwa pale, inapandwa shamba la tajiri.

Juu yake kuna hukumu ya Juni 2025, ile iliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa kila chuo, mwaka wa kwanza. Ohio State inalipa bila kutoa jasho. Pullman haina uwezo huo, na yeyote anayesema ikope ili ifike, mimi nampinga hadharani, maana lile jengo la 2012 halijasahaulika. Ningekuwa na kiti kwenye bodi ningesema tukubali kuwa kitalu, lakini kitalu chenye bei: mikataba ya makocha iwe na fidia kubwa ya kuondoka, na fedha hiyo isiende kwenye vioo na zulia.

Halafu kuna 2030. Mkataba wa Big Ten unaisha na msimu wa 2029-30. Wa Big 12 unaisha mwaka unaofuata, na huu mpya wa Pac-12 na CBS unaisha mwaka huo huo. Mikataba ikiisha pamoja, watu wanahama pamoja. Simu ikilia, kwa maoni yangu italia Boise kabla ya kulia Pullman, na Boise itapokea. Wale tuliowachukua kwa Mountain West hawajatuapia chochote ambacho Oregon haikutuapia.

Kitu kimoja soko halijui kukipima. Kuna kipindi cha ESPN cha Jumamosi asubuhi kinachozunguka kwenye viwanja vikubwa. Tangu Oktoba 2003, kila kinapokwenda, nyuma ya watangazaji inapepea bendera ya Pullman. Alabama, Ohio, Texas, popote. Watu waliosoma pale wanaitumiana kwa posta, mtu wa mji husika anaamka saa nane usiku kwenda kushika mlingoti. Hakulipwa mtu. Kipindi chenyewe kilichukua miaka 15 kuja Pullman, Oktoba 2018. Nilikuwepo. Sijaona watu wazima wengi namna ile wakilia saa kumi na mbili asubuhi.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu tulipoanza, na najua swali lake kwa sababu mwanawe amevaa viatu vya mbio. Anauliza kuhusu riadha. Mzee, swali lako ndilo linaloniuma.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatukuijua Pullman kwa futiboli. Tuliijua kwa Henry Rono, kijana wa Nandi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi pale, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000 kule Berkeley, 3,000 kuruka viunzi na maji hapa Seattle, 10,000 kule Vienna, 3,000 kule Oslo. Kabla yake Samson Kimobwa, naye wa Pullman, alishika rekodi ya 10,000 mwaka 1977. Julius Korir alikuwa wa pale alipochukua dhahabu ya Olimpiki Los Angeles, 1984. Bernard Lagat alipita pale pale. Rono hakupata kukimbia Olimpiki, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Alifariki Nairobi Februari 2024, miezi michache baada ya ligi aliyoikimbilia kuvunjika.

Nani aliwalipia vijana hao masomo? Tiketi za futiboli, kwa sehemu kubwa. Ndiyo mfumo wa hapa: fahali mmoja anavuta jembe la michezo yote. Fahali akiumia mguu, shamba la pembeni halilimwi. Juni 2025 Pullman ilitangaza kwamba riadha inapunguzwa. Kurusha, kuruka, vyote vikafutwa, mbio fupi zikabanwa. Zilizobaki ni mbio ndefu. Kwa hiyo mwanao, mzee, kama ni wa mita 5,000, mlango bado upo. Angekuwa wa kutupa mkuki ningekwambia utafute kwingine leo hii. Na kocha akikupigia simu, usimuulize habari za jezi. Muulize nafasi za ufadhili zimebaki ngapi, na kama kocha mwenyewe akiondoka, maandishi yanasemaje. Aandike. Dickert alikuwa mtu mzuri na aliondoka.

Mama wa uhandisi, binti yako mnunulie koti. Si utani, Januari ya kule haina huruma. Na mwaka 2026 mechi ya Washington na Washington State inachezwa Seattle, kwa hiyo akishuka huku msimshangae akivaa nyekundu iliyoiva, rangi ya Pullman.

Na sasa kopo. Hii ni jibini, inaitwa Cougar Gold, inatengenezwa na wanafunzi kwenye kiwanda cha maziwa cha chuo na kukaa mwaka mzima ndani ya bati kabla ya kuuzwa. Ilibuniwa miaka ya 1940, na haijui Pac ngapi imepita. Nimebeba makopo mawili. Nilichosahau ni kifungulio. Nani ana kifungulio kwenye gari?